Viatu vya Kumlaki Bwana Shauri

Bibiana,

Naenda Masasi, nitarudi kesho. Anika muhogo, fungia mbuzi, mdogo wako asilale njaa.

Asubuhi umenililia viatu, eti jumbe kaamuru watoto wa shule wasimlaki Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, miguu mitupu. Mama yako alishuka bondeni kuchota maji miguu mitupu mpaka akafa, na jumbe hakuiona miguu yake.

~~Tukiuza korosho nitakununulia.~~ Hapana. Kwetu nguo mpya ni siku ya kutoka unyagoni, na wewe ulishatoka. Nyingine atanunua mumeo, akipatikana kipofu wa kukuoa.

Vile viatu vya marehemu mama yako vya kwendea kanisani, ulivyovijaribu ukidhani nimelala, usivitafute. Nimevikata ngozi, nikafanyia bawaba za banda la kuku.

Baba yako