Mkalimani wa Mama

Dada yangu,

Naanza na neno ambalo sijalitoa kwa mtu yeyote, hata kwenye sijida: nina wivu. Si ule wa utotoni wa kugombania nani akae dirishani. Huu nakula nao, nalala nao, na sasa umeshajifunza kusema kwa mdomo wangu.

Haya, nimelitua. Sasa nikae kwa adabu. Assalaamu alaykum. U hali gani huko, na shemeji je, na yule bwana mdogo wako anayetafuna kila akipatacho? Meno yametoka, au bado anawalowesha udenda tu? Sisi huku tu wazima, Alhamdulillah. Mama ana mafua, na unavyomjua hakubali kuwa anaumwa. Anasema sauti yake imeenda likizo. Baba alipiga simu jana akasema nyumba imekuwa kubwa mno na haoni chumvi ilipo. Nikamwambia ipo palepale ilipokuwa tangu wewe hujaolewa.

Safari yetu unaijua. Redio imemtuma Mama atengeneze vipindi juu ya maisha ya vijana wa Kiislamu katika nchi za wenzetu. Mama aliingia redioni kwa sauti yake, si kwa vyeti, na lugha ya shule, ambayo ndiyo ya watu wa huku, haijawahi kumkaa mdomoni. Mimi mlinisomesha kwa lugha zote mbili, basi nikawa mkalimani. Cheka tu. Mimi, ambaye nikitumwa dukani naomba nisikute watu! Lakini nimegundua kwamba nikisema maneno ya mwenzangu sioni haya hata kidogo. Haya hunikamata nikitaka kusema yangu.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Tulimhoji kijana mmoja muuza vitabu aliyejibu kila swali kwa ndiyo na hapana, mpaka Mama akanigeukia akaniuliza kama namtafsiri au namnyoa maneno. Tulicheka njia nzima, Mama amenishika mkono. Nilijiona mtu, Dada. Niliona mimi naye tumekuwa wa rika moja.

Kisha akatokea Fundi.

Tumepanga chumba juu ya duka la kutengeneza simu. Ngazi ni ya chuma, ipo nje, na kila anayepanda inamtangaza. Mwenye duka ni mzee mpole asiye na mtoto. Anayefanya kazi hasa ni mpwa wake, msichana wa umri wangu, na jina lake halitumiki na mtu. Wote wanamwita Fundi. Hijabu yake ameifunga nyuma isiguse meza, tochi ameivaa kwenye paji la uso, na zile skrubu ndogo kama mbegu za ufuta anazipanga juu ya kipande cha sumaku kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Akipuliza vumbi ndani ya simu utadhani anampulizia mtoto uji.

Mama alipomwona, aliweka kinasa sauti mezani na hakukiondoa tena.

Na anasema huyo, Dada! Wateja wakimkuta peke yake humuuliza fundi yuko wapi. Yeye huwajibu kwamba fundi ameenda kuswali, warudi baadaye. Wakiondoka anaitengeneza simu mwenyewe. Wakirudi humsifia huyo fundi mpaka kwenye ukoo wake, na yeye huwaambia salamu zitafika. Mama alicheka mpaka mafua yakamtoka puani. Akaniambia nimwambie kwamba ulimi huo ungekuwa wake, redio ingefunga milango kwa kukosa nafasi ya wengine. Nilimwambia, lakini nilisema tu kwamba Mama amefurahi. Nilikuwa nimeanza kupindisha maneno, na sikujua kama nimeanza.

Maswali ya Mama ndiyo yaliyonichoma. Alimuuliza ni lini alianza kujifunika kwa kutaka mwenyewe na si kwa kuambiwa. Akamuuliza kama kuna siku anaswali na moyo haupo. Akamuuliza anaogopa nini. Anauliza taratibu, shingo ameiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesubiri maji yachemke bila haraka. Na mimi katikati, nayabeba maswali hayo kutoka kwake kwenda kwa mtoto wa watu, na kila moja nalijua jibu langu.

Fundi akaeleza kwamba adhuhuri ikimkuta dukani huswali nyuma ya kabati, juu ya kadibodi ya maboksi ya simu, na mteja akigonga hungoja. Mama alifuta macho. Kumbe mimi shuleni naswalia stoo ya mipira, Dada, mlango nimeuzuia kwa mguu wa meza, kwa sababu wenzangu walinicheka mara moja na mara moja ilinitosha. Mwaka wa pili sasa. Hata wewe hukujua. Tumepanda ndege, tumevuka mipaka, tumegongewa mihuri, ili Mama akamuulize kijana wa Kiislamu jinsi anavyoishi, na nyumbani anaye mmoja anayempakulia chai kila asubuhi! Hajawahi kuniuliza zaidi ya kama nimeswali. Nikisema ndiyo, basi, tunaendelea na mkate.

Jioni hizo Mama hazungumzi jingine. Fundi kasema hivi, umeona Fundi alivyoshika ile waya. Mara ananiambia nijifunze kwake kusema na watu nikiwa nimewatazama machoni. Nilimjibu kwamba macho yangu yanachoka kwa kumwangalia yeye akimwangalia mwingine. Lakini nilimjibu moyoni. Mdomoni nilisema sawa Mama.

Sasa sikiliza lililonishinda, na usilisome mbele ya shemeji.

Juzi Mama alisikia kwamba mjomba mtu anafunga duka mwisho wa mwezi, kwani macho hayamsaidii tena na ameamua kurudi kwao. Hapa mtaani hakuna fundi mwingine anayekubali kumweka msichana kwenye meza ya kazi. Mama akaniambia nimuulize Fundi, tena nimuulize vizuri: je, angependa kuja kwetu kujifunza kwa mafundi mitambo wa redio, ambao mkuu wao ni mwanamke? Angekaa nyumbani, chumbani mwako, kitandani mwako. Akaongeza kwamba nyumba imekuwa baridi tangu uolewe, na mtoto kama huyu angeichangamsha.

Mtoto kama huyu. Na mimi nipo, nimesimama.

Nilimgeukia Fundi nikamwambia Mama anakuombea Mungu akuzidishie ujuzi. Akaitikia amina, akaeleza kwamba kwa kweli anaipenda kazi hii. Nikamgeukia Mama nikamwambia anashukuru sana ila hawezi kwenda mbali na mjomba wake. Uongo mtupu, mweupe, wenye sentensi nzima. Mama aliitikia kwa kichwa, akakizima kinasa sauti kama mtu aliyerudishiwa posa. Na mimi, Mungu anisamehe, nililala usingizi mzuri.

Kumbe Fundi naye alikuwa na lake. Jana alinikamata mkono, akanivuta mpaka kwa Mama, akasema kwa haraka, macho chini, yeye ambaye haogopi mteja. Aliomba Mama amtafutie nafasi yoyote kwetu, hata ya kufagia karakana, mradi iwe karakana. Akasema mjomba ameridhia na nauli ipo, ila hana mwenyeji. Akasema anaogopa asipopata sasa, mikono itasahau.

Mama akaniuliza anasemaje. Nikasema anauliza kama tutafika nyumbani salama.

Mama akatabasamu, akamshika shavu, akasema Inshallah.

Dada, neno hilo halikuhitaji mkalimani. Lilinipita mimi nimesimama katikati, likafika. Fundi alimbusu Mama mkono, akakimbilia chini kwa mjomba wake, na tangu asubuhi ya leo nasikia huko dukani wanacheka na kuburuta maboksi. Saa hizi tumeshaswali alasiri. Kupitia sakafu nimemsikia akimuaga mteja: Fundi amesafiri, nenda mtaa wa pili. Kisha nimemsikia mjomba akilia, naye akimwambia macho mabovu hayaruhusiwi kulia. Mama hajui lolote. Alitoka kununua zawadi za kwenu, na kabla hajatoka ameniambia kwa huzuni kwamba ni vizuri msichana akimpenda mjomba wake hivyo.

Niliwaza nikutumie barua hii uniambie la kufanya. Wewe ungejua pa kuanzia. Wewe ulikuwa unavunja sahani na kwenda kusema mwenyewe. Lakini nikijiuliza nataka unijibu nini, naona nataka uniambie ninyamaze mpaka ndege iruke. Na nikimsikia Fundi anavyofungasha, naona nikinyamaza, Mama ataondoka akiwa amemvunjia ahadi asiyojua ameitoa, na Fundi atakaa na neno la Mungu mkononi akimsubiri mtu asiyejua anasubiriwa. Kesho asubuhi gari la uwanja wa ndege litakuja, na mwenye ufunguo wa mdomo ni mimi tu.

Nisalimie shemeji sana. Mbusu bwana mdogo kila pahali ila kwenye udenda. Waambie majirani zako tunawakumbuka, na wewe utuombee, mimi zaidi. Msamaha nitakuomba nikifika, kwa kuwa kitanda nilichomnyima mtu ni chako.

Ngazi inalia. Viatu vya Mama ninavijua, vizito, vinapumzika katikati. Nyuma yake kuna kandambili, na kitu kinagonga kila kipandio, begi hilo. Mama anacheka kwa wasiwasi na kuniita jina langu, anasema njoo unisemee mwanangu, huyu mtoto ananishukuru na mimi sijui nimefanya nini.

Naificha karatasi chini ya mto. Sijui nianze kwa lugha ipi.

Mdogo wako