Televisheni ya Milango Miwili

Jumamosi, Agosti 1976

Sisi hatujawahi kuwa na televisheni. Basi leo dukani Baba Njeri alijuaje kwamba ile ya milango miwili ya mbao haiwaki mpaka ubonyeze swichi, halafu uizungushe kidogo kushoto?

Mwenye duka mwenyewe ilimshinda. Mume wangu akasema, "Hebu ngoja, mzee," na picha ikatokea mara moja.

"Umejulia wapi?" nikamuuliza.

"Kwa rafiki."

"Rafiki gani?"

"Ah, Mama Njeri, wewe nawe! Si tununue tu hii?"

Ninajua nyumba moja tu yenye televisheni kama hiyo, ya yule mwalimu mjane wa Ruring'u. Niliiona nilipompelekea mapazia niliyomshonea. Kuiona mara moja hakukunifundisha kuiwasha. Na mwezi huu mikutano ya ushirika wa kahawa imemchelewesha Baba Njeri mara nne.

Naogopa kuuliza zaidi.

Nusu ya pesa ilitoka kwa cherehani yangu, kwa hiyo niliikataa ile. Tumechukua nyingine, ndogo zaidi na ghali zaidi. Imeniuma, lakini nimelipa.

Tangu saa moja anazungusha kila swichi na picha haijatokea. Simsaidii. Hii atajifunzia hapa nyumbani.