Askari Aliyerudisha Blanketi

Chuoni, Njombe

Dada yangu Ida,

Kamwene. Natumaini kifua kinakuacha upumue msimu huu wa baridi, na cherehani haijakugomea. Mimi ni mzima, ila nina hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika. Kwenye simu ungenikatisha, ungeniambia niyaache. Safari hii siyaachi.

Mwalimu Tarsis, anayetufundisha saikolojia ya jamii, alituonyesha filamu ya gereza. Kuna askari mgeni, mpole, hata kuamrisha anaona haya. Anapewa sare na rungu, haupiti muda anamnyang'anya mfungwa mzee blanketi na kumsimamisha uani kwenye baridi, wenzake wakicheka. Tukaambiwa tueleze tabia yake kwa nadharia tulizosoma: utii kwa wenye mamlaka, mtu kumezwa na cheo, mtu kujificha ndani ya kundi.

Kundi la kwanza kuwasilisha liliongozwa na Letisia. Jina hilo nilikuwa nalisikia tangu muhula uanze, nikajipa moyo kwamba akina Letisia ni wengi. Siku hiyo alijitambulisha mwenyewe. Alisema askari yule hana kosa, mazingira ndiyo yaliyomfanya vile, na yeyote kati yetu angefanya hivyohivyo. Ili tumwelewe, akatoa mfano wake. Alipokuwa dada mkuu shuleni, alimvua viatu msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyechelewa kuamka, akamsimamisha kwenye majani yaliyoganda kwa sakitu mpaka kengele ya uji, bweni zima likitazama. Akasema msichana aliugua nimonia, hakurudi tena shuleni, na hata jina lake halikumbuki. Darasa likampigia makofi.

Makofi, dada! Shule yako iliyokatika imekuwa mfano wa somo, na aliyeikata kapewa alama za juu. Nilitamani nimrukie. Badala yake niliinua mkono, nikauliza kuhusu askari mwingine wa kwenye filamu, aliyeokota blanketi akamrudishia mzee, ilhali naye alivaa sare ileile. Letisia akacheka, akasema penye watu wengi hapakosi mmoja wa ajabu. Mwalimu Tarsis akasema swali langu ni zuri, kisha tukaenda kula.

Tangu siku hiyo nimekuwa rafiki wa Letisia. Ndiyo, mimi niliyekukanda kifua ulipoletwa nyumbani. Namgawia maparachichi, nasoma naye, nacheka anapocheka. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye hana habari. Najua mama angesema kisasi ni cha Bwana. Lakini Bwana huyohuyo amenikalisha naye dawati moja, na sidhani alitaka nimfundishe nyimbo za kwaya.

Sasa sikia nililofanya. Letisia anasafiri kwenda kwao Iringa, na basi lazima lipite Makambako. Nimemwomba ashuke kidogo, ampelekee barua dada yangu, fundi cherehani. Amekubali kwa moyo mweupe. Sikumwambia dada yangu ni nani, na barua nimeifunga kwa gundi. Siku hizi amenenepa na anavaa miwani, kwa hiyo huenda hukumtambua alipokupa bahasha. Ndiye huyo aliyesimama mbele yako, anasubiri umwambie asante.

Usiinue kichwa haraka. Maliza kusoma kwanza, kisha mkaribishe kiti. Mwambie jina lako, polepole, mpaka limkae. Akianza habari za mazingira, mwambie baridi haikukuvua viatu. Aliyekuvua ni yeye. Zaidi ya hapo sikuagizi neno. Mimi kazi yangu ilikuwa kumfikisha, na ninakuomba kitu kimoja tu, usiwe na huruma kwa ajili ya kuonekana mwema.

Mama akija kutoka Wanging'ombe mpe salamu zangu, ila haya usimsomee. Wanao, Zita na Mika, nawabusu sana. Waambie watoke nje wakacheze kidogo.

Mdogo wako akupendaye,
Jenifa