Upande wa Latifu

Kisarawe,
14 Desemba

Dada yangu Elinipa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na shemeji, na kwamba kikohozi cha mtoto Bernard kimepoa tangu mhamie Tumbi. Mimi mwili hauna neno. Mama anakusalimu sana. Bado anauliza yule mwalimu aliyekuwa akikomba sufuria yake ya kisamvu atarudi lini.

Umeniandikia kwenye simu mara tatu ukiuliza habari za Latifu, na mara zote tatu nimekujibu habari za mvua. Nisamehe. Niliyo nayo hayaandikiki kwenye simu, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Nianze na mdahalo wako. Ulipohamishwa Januari ukaniachia kipindi kile cha Ijumaa, niliogopa kitanifia mikononi. Hakikufa. Tuliendelea kwa Kiswahili kama ulivyopigania kwa mkuu wa shule, kwamba watoto waielewe sheria kwanza, Kiingereza kitafuata. Madawati tuliyapanga vilevile, mashtaka huku, utetezi kule, na jaji alivaa baibui langu la zamani kuwa ndiyo joho. Kidato cha nne walijifunza mtuhumiwa ni nani, shahidi ni nani, na kwa nini mtu hahukumiwi kabla ya kusema upande wake. Latifu aliwazidi wote. Bado alikuwa akiweka mikono nyuma kama ulivyomfundisha, hapandishi sauti, anamsubiri mwenzake amalize. Mwezi wa sita tulijadili viboko shuleni. Alizitafuta kanuni zenyewe akazisoma mbele ya darasa: fimbo ni kwa idhini ya mkuu wa shule, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Nilimpigia makofi.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, Adventina alichelewa kwa mara ya tatu wiki ile. Unamkumbuka, yule mwembamba anayemuuguza bibi yake. Mwalimu mmoja wa kike alimchapa viganjani mbele ya darasa, na alipoanza hakuacha. Latifu akasimama, akasema, "Samahani mwalimu, vimefika sita." Mwalimu akamtoa nje.

Kabla ya saa nne kamati ya nidhamu ilikuwa imeshakaa. Mwalimu yule aliieleza kwamba Latifu amemtukana. Mwalimu Augustino, mwenyekiti, akauliza ni tusi gani. Akajibu kwamba halitamkiki. Wote wakainamisha vichwa kwa kumstahi. Kikao kilichukua dakika ishirini. Latifu alikuwa nje, amesimama karibu na bomba, wala hakuna aliyemwita. Wiki mbili baadaye bodi iliridhia, akafukuzwa.

Mama yake, Bi Maua, alikuja siku hiyohiyo kutoka shambani. Alimwomba mkuu wa shule, akamwomba mwenyekiti, kisha akamgeukia yule mwalimu akamshika mikono yote miwili. Alisema mtoto amekua bila baba, kama kuna mtu wa kulaumiwa basi ni yeye aliyemlea, na lile tusi ahesabiwe yeye ili mtoto apate kufanya mtihani. Mwalimu yule aliitazama mikono ya Bi Maua, kucha zake zimejaa udongo wa mihogo, akasema samahani, ana kipindi.

Ijumaa iliyofuata, Rajabu, ambaye ilikuwa zamu yake ya kuwa jaji, alilikunja baibui akaliweka mezani kwangu. Akasema kwa adabu kwamba leo hawana hoja. Ijumaa ya pili hawakuwa nayo pia. Nilikifuta kipindi. Mwezi wa kumi na moja wenzake Latifu walifanya mtihani wa taifa, naye hakuwemo.

Dada, mwalimu yule ni mimi.

Na Latifu hakunitukana. Alisema yale maneno machache niliyokuandikia hapo juu, kwa sauti ya chini, mikono yake iko nyuma. Kama darasa lingecheka, labda ningestahimili. Hawakucheka. Waliniangalia wakisubiri nijibu, na ni kweli vilikuwa sita, na hapakuwa na idhini wala kitabu. Niliona haki iko kwa mtoto wa miaka kumi na saba, na nikashindwa kulivumilia hilo. Augustino aliponikuta kwenye korido fimbo ingali mkononi, akaniuliza kulikoni, neno "amenitukana" likanitoka. Nilidhani atampa adhabu ya kufyeka nyasi. Nilipoona kamati inaitwa, nilikuwa na nafasi ya kulirudisha, badala yake nikalisema tena mbele yao. Nilikuwa na nafasi nyingine mikono yangu ilipokuwa ndani ya mikono ya Bi Maua. Pale nilisema nina kipindi.

Mtihani ulipoanza, kulala kulinishinda. Nikauliza, nikaambiwa Latifu yuko Kibaha kwa mjomba wake, anapakia vigae kwenye kiwanda kimoja huko Zegereni. Nilimfuata. Alitoka getini vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akaniamkia, "Shikamoo mwalimu." Nilimweleza yote tukiwa tumesimama. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kama mama yake anajua. Nikasema bado.

"Basi anza na yeye," akasema. "Mimi nilimwambia sikutukana. Hajaniamini mpaka leo. Anasema mwalimu hawezi kusema uongo."

Vitabu nilivyombebea hakuvipokea. Alisema ahsante, kengele imelia, akarudi ndani.

Kwa Bi Maua nilikwenda kesho yake. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Nilimwambia bila kuzunguka. Hakupiga kelele, dada. Ningependa angepiga. Aliweka kisu chini, akasema: "Mwalimu, mimi nilimpiga mwanangu kwa tusi hilo. Nilimpiga, nikamwambia asinirudie nyumbani mpaka ajifunze adabu." Akaniomba niondoke. Niliondoka.

Jumatatu nilimpelekea mkuu wa shule maelezo yangu yenye sahihi, na nakala kwa bodi. Wamelifuta lile kosa kwenye faili la Latifu, lakini mtihani umepita, na faili safi halimrudishii mwaka. Mimi nimefunguliwa shauri la nidhamu. Wamenipa siku kumi na nne nijieleze kwa maandishi, na wameniambia ninaweza kuleta mashahidi. Nilipoisoma barua yao nililia mbele ya karani. Mimi nimepewa siku kumi na nne, dada. Yeye hatukumpa hata dakika moja.

Sitajitetea. Nimeandika ukurasa mmoja tu, wa kukiri. Adventina nimemwomba radhi mbele ya bibi yake. Aliitikia kwa kichwa bila kunitazama.

Ninalo ombi moja, na si kwa ajili yangu. Zegereni si mbali na kwako. Nenda kamwone Latifu. Kutoka kwangu hatapokea hata daftari, na ana haki, lakini wewe hujamkosea. Ulizia pale Maili Moja kuna kituo gani cha kuwasomesha waliokosa mtihani, umshike mkono umpeleke. Ukifika usinitaje. Mweleze pia kwamba mama yake sasa anajua, na kwamba kila Jumapili anakwenda barabarani anakaa kwenye kituo cha basi mpaka gari la mwisho lipite. Kumwita anaona haya. Anasubiri aje mwenyewe.

Ukishaisoma barua hii ukaona huwezi kuniandikia tena, nitaelewa. Msalimie shemeji, na umbusu Bernard.

Ni mimi niliyekuwa mwenzako kazini,

Mwanakheri Abdulwahab