Disiki ya Kasala ya Baba

Likasi, Shituru

Yaya Constantin,

Mvua imeanza, batoto beko muzuri. Unakumbuka disiki ya kuhifadhi kasala, zile sifa za ukoo Baba alizotusemea mbele ya kufa? Weye uliniambia ninunue kwenye duka lenye fundi. Miye nilinunua kwa Muluba mwenzetu wa kanisani, niliona haya kumupita.

Sasa ordinatere, ile kompyuta ya zamani, imeungua. Ile mupya inaomba programu ya kuitambua disiki, na yule ndugu aliyeniuzia amefunga duka, amehama. Kampuni iliyotengeneza disiki haijibu. Taa ya disiki inawaka tu.

Kesho tunaondoa matanga. Wazee wanangoja kasala.

Baba alitaka kutufundisha kwa kinywa, Yaya. Tukamujibu mashine inatosha.

Mudogo wako,
Anne