Mke Wangu Kapigwa Picha kwa Kidevu

Jumatatu, 3 Machi

Itangazwe rasmi, bendera zipepee nusu mlingoti: leo nimekubali kwamba nina upara. Si nywele kupungua. Upara! Mteja wa kwanza ndiye aliyetoa hukumu. Eti nizime taa za studio, utosi wangu unatosha. Nimecheka. Mteja ni mfalme, hata akiwa na adabu za mbuzi.

Picha za pasipoti tisa kwa siku moja. Mtaa mzima unahama! Nawauliza wote: unaondoka kwa nini? Wakiwa wamesimama, kila mtu anasema kazi. Nikishawakalisha kitini—kidevu juu, usicheke—ndipo ukweli unapotoka. Fundi friji amechoka kuishi ua mmoja na kaka zake watatu, kila mmoja mkubwa wake. Mwalimu wa hesabu, mchumba wake kaolewa nyumba ya tatu kutoka kwake. Kila asubuhi anasalimiana na bwana harusi. Na bibi mmoja, miaka sabini na kitu: "Wajukuu wananijua kwa simu tu, mwanangu. Wananiita Bibi Haloo."

Siri za safari za watu hunifikia mimi kabla ya mama zao. Najisifu kidogo. Nani atanizuia?

Jumatano, 5 Machi

Kidevu, mshindani wangu mwenye studio ng'ambo ya barabara, kavuka kuja kunisalimu. Kheri gani hiyo? Eti shemeji yake ana sura ya kamera, mbona nimemnyima picha hadi kaenda kwake? Picha gani? "Za pasipoti, bwana! Nne. Juzi." Kisha akauona uso wangu. Ghafla akakumbuka ameacha maji jikoni. Hana jiko.

Mke wangu. Muuguzi. Miaka ishirini na mbili ananikosoa ninavyokata mkate. Na picha kwenda kupigwa kwa Kidevu—mtu anayekata watu vichwa!

Jioni nikakaa mezani kama kawaida. Mke wangu kaniongezea mchuzi bila kuuliza. Nimekula kama mgeni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepekua mkoba wake. Ndiyo, mimi, mtu mzima na upara wangu. Fomu za hospitali ya nchi za mbali. Mkataba wa miaka mitatu. Penye mtu wa kuarifiwa ikitokea dharura, kaandika dada yake. Dada yake! Ambaye simu hashiki hata ukipiga kumpa hongera.

Nikampigia mdogo wangu. Kasema watu huhama kwa njaa. Nikamwambia kwangu kuna chakula. Kauliza: njaa ya nini? Siku hizi kawa mwanafalsafa, mjinga yule.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu kaja mwenyewe studio, saa nane mchana, na sare ya kazi. Picha za Kidevu zimekataliwa: kivuli ukutani, sikio moja halionekani. Maombi yanafungwa leo saa kumi. Kidevu kafunga, kaenda mazikoni.

"Nipige picha, Baba Watoto."

Hakuomba radhi. Hakukwepa macho. Nikamkalisha. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote.

"Leo ndiyo unaniuliza?" Akajiweka sawa kola. "Nakwenda mahali ambako barua zangu nitazifungua mwenyewe."

Basi niandike kweli, humu hakuna wa kumlaghai. Miaka sita iliyopita hospitali ileile ilimwandikia. Kazi ipo, aje. Posta nilikwenda mimi. Alikuwa ananisubiri mlangoni, mikono ina sabuni. Nikasema hamna kitu. Aliuliza kila wiki, miezi minne, kisha akaacha. Nilijiambia watoto bado wadogo. Mmoja alikuwa ameshaanza kunyoa ndevu! Niliogopa nyumba isiyo na yeye, basi, hakuna kingine. Barua niliyoificha aliiona lini, sijui. Siku mbili hizi nimejiita msalitiwa, kumbe zamu yangu ya kusaliti ilishapita zamani.

Na ya leo je? Picha ya kwanza imetoka safi, masikio yote mawili. Nimemwambia kafumba macho, asubiri nibadilishe betri. Hakufumba. Betri imejaa. Sasa ni saa tisa na robo, nimejifungia chumba cha ndani, naandika juu ya boksi la karatasi. Yeye bado yuko kitini. Hajaniita hata mara moja.