Waziri na Hongo wa Kipatimu

Ziada, acha unachofanya. Kaka Abdulrahmani kajimaliza mwenyewe, jukwaani, leo Kipatimu kwenye kumbukumbu ya Maji Maji.

Kaka huyuhuyu, wakili aliyewapigania watu wa Kiranjeranje mpaka wakarudishiwa mashamba, juzi tu kaapishwa Waziri wa Sheria. Basi kasimama na kanzu yake mpya, akanguruma: "Sisi ukoo wa Likwata tulipokea Hongo enzi za Mjerumani, na hatuoni haya!"

TULIPOKEA! Hakusema tulimpokea!!

Wazee wa Kimatumbi wakapiga makofi. Wao wanajua Hongo ni yule mjumbe aliyeleta maji ya dawa kwa babu yake baba. Waandishi wa Dar wakatazamana, mmoja akacheka. Waziri wa Sheria kakiri hongo mbele ya kamera!

Mwenyewe hakushtuka mpaka alipoona simu zimeinuliwa. "Mwahija, nimesema nini?" Nikamvuta mkono tukashuka.

Kipande kimeshasambaa, wamekikata hapohapo, habari za babu huyo hazimo. Tumejifungia kwenye gari. Simu inaita kutoka kwa wakubwa, hapokei.

Anarudia habari moja tu. Kwamba babu huyo naye aliulizwa habari hiyohiyo kwenye boma la Mjerumani, Kilwa: "Ulimpokea Hongo?" Akajibu ndiyo, bila kumung'unya maneno. Wakamnyonga.

Simu inaita tena. Kanigeukia, macho yamemtoka: "Wakiniuliza, nijibu ndiyo?"